Kiyoyozi cha Yoti Mombasa: Anza na Maji, Gesi Iwe ya Mwisho

Yoti ikitia nanga Mtwapa au ikifunga kamba English Point, kisha vyumba vikaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu, neno la kwanza kusikika ni kwamba gesi imeisha. Fundi anaitwa, anakuja na geji mkononi na mtungi begani, na mara nyingi anakuwa ameanzia mwisho. Kiyoyozi cha boti hakifanani na cha nyumbani, ambacho hutupa joto hewani kwa feni ya nje. Cha boti hutupa joto baharini: pampu huvuta maji ya chumvi, maji hupita ndani ya kondensa (sehemu ambayo gesi huyakabidhi maji joto lake), halafu hurudi baharini yakiwa yamebeba joto la chumbani. Gesi imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa kiwandani na haipungui kwa matumizi. Ikipungua, pametoboka. Maji ndiyo yanayobadilika kila siku, na bahari imejaa mwani, mchanga, konyeza na chaza wadogo wanaotafuta pa kuganda.

Kwa hiyo mpangilio ni mmoja, uwe unasanifu mfumo mpya au unatafuta hitilafu ya mfumo wa zamani: maji, hewa, umeme, halafu gesi.

Bahari na hewa ya hapa

Maji ya pwani ya Mombasa huwa karibu nyuzi 25 katikati ya kusi, na hupanda hadi 29 au 30 mwezi wa Machi na Aprili, kaskazi inapokwisha. Mashine nyingi zinazokuja na yoti kutoka Ulaya zilichaguliwa kwa bahari ya baridi zaidi. Maji yakiwa na joto, kondensa hukawia kutua mzigo wake, presha ya juu, ya gesi inayotoka kwenye kompresa, hupanda, kompresa, yaani pampu inayoigandamiza gesi, hula umeme zaidi, na baridi inayopatikana huwa pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Mwenye boti aelezwe hilo mapema, kabla hajaagiza mashine mpya kwa kudhani ya zamani imechoka.

Jambo la pili ni unyevu. Hewa yetu ya mchana ikipozwa hadi nyuzi 24 au 25 tayari inaanza kutoa maji. Kila bomba, kila mfereji wa hewa na kila ukuta ulio baridi kuliko hapo utatoka jasho, na jasho hilo litadondokea mbao, nyaya na magodoro. Kusanifu kiyoyozi cha Mombasa ni kukausha hewa kwanza, kuipoza pili.

Kupiga hesabu ya mzigo

Kipimo cha kazi ni BTU kwa saa. BTU 12,000 ni tani moja ya ubaridi, sawa na kilowati 3.5. Mabaharia wengi huchukua eneo la chumba na kulizidisha kwa namba moja, nasi hatupingi njia hiyo maadamu umejua chumba kiko wapi ndani ya chombo.

1. Pima urefu na upana wa kila chumba kwa mita, upate eneo.
2. Chumba kilicho chini ya mstari wa maji, chenye vidirisha vidogo: zidisha eneo kwa 650.
3. Chumba cha katikati, nusu juu ya maji na chenye madirisha ya wastani: zidisha kwa 970.
4. Sebule iliyo juu ya sitaha, yenye vioo pande tatu: zidisha kwa 1,300.
5. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya jua na bahari ya huku.
6. Chumba kikipokea watu wengi kuliko kawaida, ongeza BTU 400 kwa kila mtu wa ziada. Jiko likiwa wazi upande wa sebule, lihesabu kama sehemu ya sebule.

Chukua yoti ya mita 18. Sebule ina mita za mraba 16: 16 mara 1,300 ni 20,800, na ukiongeza asilimia 20 unapata karibu 25,000. Chumba kikuu kilicho chini kina mita za mraba 12: 7,800, na nyongeza ni 9,360. Chumba cha wageni kina mita za mraba 7: 4,550, na nyongeza ni 5,460. Utaweka mashine mbili za 12,000 sebuleni, moja kila upande, moja ya 10,000 chumba kikuu na moja ya 6,000 kwa wageni. Jumla ni BTU 40,000.

Sebule imebaki na upungufu wa BTU 1,000, nasi tunauacha hivyo kwa makusudi. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba kwa dakika tano, themostati inaizima, na unyevu unabaki palepale. Mtu analala kwenye shuka zenye ubichi, kabati linaota kuvu, viatu vya ngozi vinapata ukungu mweupe. Mashine ndogo kidogo inayozunguka muda mrefu hukausha vizuri zaidi. Upungufu huo uuzibe kwa turubai juu ya vioo vya mbele boti inapokuwa gatini. Kivuli kilicho nje ya kioo kinashinda pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia.

Mashine za kila chumba au mtambo mmoja

Kwa boti ya vyumba vitatu au vinne, weka mashine zinazojitegemea: kompresa, kondensa na ivaporeta (koili baridi inayopoza hewa) kwenye sinia moja chini ya kitanda au kabatini. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Vyumba vikizidi sita hivi, mtambo wa kupoza maji unaanza kuwa na maana. Mtambo unakaa chumba cha injini, unapoza maji safi hadi nyuzi 7, na pampu ya pili inayasambaza vyumbani ambako kila chumba kina koili na feni tu. Maji hurudi na nyuzi 12. Mzunguko huo unahitaji lita 10 hivi kwa dakika kwa kila BTU 12,000, kifaa cha kukata umeme maji yakiacha kutembea, na kingine cha kukata yakikaribia kuganda.

Mabomba ya maji ya nyuzi 7 yavikwe sponji ya mpira yenye vitundu vilivyofumbwa, unene usiopungua milimita 19, na kila kiungo kigundishwe kwa gundi yake. Pengo la upana wa kidole tu linatosha kudondosha maji mchana kutwa. Ukiona doa la kahawia kwenye dari ya yoti, paa lisilaumiwe kabla ya kupapasa bomba lililo nyuma yake.

Njia ya maji ya bahari

Hapa ndipo mifumo mingi inapoharibika, na uharibifu huanza siku ya kufunga.

Kiasi kwanza. Kila BTU 12,000 inataka lita 11 hadi 15 za maji kwa dakika. Boti yetu ya 40,000 inataka kati ya 37 na 50. Chagua pampu inayotoa kiasi hicho ikiwa imeshapandisha maji hadi mashine iliyo juu kabisa. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha kitu.

1. Toboa tundu la kuingizia mahali palipo chini sana, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), pasipotoka nje ya maji boti ikiyumba. Tundu la kiyoyozi liwe lake peke yake. Ukiliunga na la injini, injini itanyonya maji na kuiachia pampu hewa.
2. Funika tundu kwa kikombe chenye matundu, mdomo wake ukielekea omo (mbele ya boti), ili boti ikienda maji yasukumwe ndani. Ukielekeza tezi (nyuma), mwendo wa boti utayafyonza maji kutoka ndani ya bomba.
3. Funga koki ya bronzi au ya plastiki ngumu ya baharini. Koki za brasi za dukani, zile za mabomba ya nyumba, zisitumike. Chumvi hula zinki iliyomo na kuacha shaba laini kama biskuti, na siku moja mkono wa koki unakatikia kiganjani huku tundu liko wazi.
4. Kutoka koki nenda kwenye chujio, na kutoka chujio nenda kwenye pampu. Chujio liwe chini kuliko pampu, na pampu iwe angalau sentimita 30 chini ya mstari wa maji. Pampu hizi hazivuti hewa. Zinasukuma tu maji yaliyokwisha kuzifikia yenyewe.
5. Kutoka pampu, mpira upande bila kushuka hata mara moja hadi kwenye kondensa, uingilie chini na kutokea juu. Mahali popote mpira unapopanda kisha ukashuka kama mgongo wa ngamia, hewa itakaa pale juu na kuzuia maji.
6. Mpira mkuu uwe wa kipenyo cha milimita 25 au zaidi. Kwa Mombasa tungependa 32, maana magamba yatapunguza njia kabla ya mwaka kwisha. Tawi la kila mashine liwe milimita 16.
7. Mashine zikiwa nyingi, gawa maji kwa bomba lenye matawi, kila tawi na valvu yake ya kusawazisha. Bila valvu, mashine iliyo karibu na pampu inakunywa yote na ya mbali inabaki na kiu.
8. Tundu la kutolea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya mstari wa maji, mahali ambapo mtu aliye gatini anayaona maji yakitoka. Tundu lililofichwa chini ya maji linaficha pia habari.
9. Kila kiungo kilicho chini ya mstari wa maji kipate klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, skrubu zake zikitazamana pande tofauti.

Usawazishaji wa hatua ya saba ufanywe kwa ndoo. Washa mashine zote, kinga maji ya kila tundu kwa ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Mashine ya 12,000 inatakiwa kujaza ndoo hiyo kwa sekunde 40 hadi 55. Inayojaza kwa sekunde 30 ibanwe kidogo, na inayochukua dakika na nusu ifunguliwe. Andika namba hizo kwa wino wa kudumu ndani ya mlango wa kabati la kila mashine. Miezi sita baadaye, fundi atakayekuja atakuwa na cha kulinganisha.

Hewa, na maji yanayodondoka

Mashine ikae chini, hewa baridi itokee juu karibu na dari, na hewa ya kurudi iingilie chini. Tundu la kurudishia hewa liwe na sentimita za mraba 65 kwa kila BTU 1,000, yaani karibu 780 kwa mashine ya 12,000. Mafundi seremala hupenda kulipunguza ili kabati lipendeze, na hapo ndipo ivaporeta inapoganda barafu. Mfereji wa kutolea wa mashine ya 12,000 uwe na kipenyo cha milimita 150, na wa 16,000 uwe na 175 au 180. Mfereji wa kukunjika uvutwe ukaze kama kamba ya tanga, ziada ikatwe. Mita moja iliyolegea inakula nguvu nyingi ya feni.

Kwa unyevu wa huku, mashine ya 12,000 inaweza kutoa lita moja na nusu ya maji kwa saa. Yapatie mpira wa kushuka moja kwa moja hadi kwenye tangi dogo lenye pampu yake, au nje ya boti. Yasimwagwe ngamani, chini kabisa ndani ya boti: ngama yenye maji yasiyokauka hunuka na kuozesha. Na kama yanatoka nje, tundu lake liwe zaidi ya sentimita 90 mbali na moshi wa injini au jenereta. Feni hufyonza hewa kupitia mpira huo mkavu, na moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kwa sababu hiyohiyo, mashine yoyote isivute hewa yake kutoka chumba cha injini, na kila chumba cha kulala kiwe na king'ora cha gesi hiyo. Katika kazi zote zilizo kwenye mwongozo huu, hii usiiahirishe.

Umeme wa gati na wa jenereta

Kenya tunatumia volti 240, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Yoti iliyojengwa kwa soko la Marekani ina mashine za hezi 60. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 ikipewa 50 inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Kompresa inapoteza karibu asilimia 17 ya kazi yake na kupata joto zaidi, na pampu ya maji inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake ya kupandisha. Boti kama hiyo inaweza kuonekana ina pampu mbovu ilhali pampu ni nzima. Soma kibandiko: kikisema 50/60, uko salama. Kikisema 60 tu, tumia jenereta ya boti yenyewe au kibadilisha hezi.

Pima volti kwenye mashine, kompresa ikiwa inazunguka. Kipimo cha kwenye soketi ya gati mzigo ukiwa haujawashwa hakikuambii kitu. Kwa mashine ya 230, chini ya 207 izime, utafute waya mwembamba, plagi iliyochomeka nusu au kiungo chenye kutu ya kijani.

Kompresa ya BTU 12,000 hula ampia 4 hadi 6 ikizunguka, lakini kwa sekunde ile ya kuwaka inaweza kuvuta 25 au 30. Boti yetu ya mfano, mashine zote nne zikiwa kazini, inakaa karibu ampia 20. Ya mwisho ikiwaka huku tatu zinazunguka, mshtuko unafika 45 na zaidi, na jenereta ya kVA 5 huzimika hapohapo. Fanya mawili: weka kifaa cha kuwasha polepole kwenye kila kompresa, na panga themostati zichelewe kwa zamu, sekunde 15 kati ya moja na nyingine. Umeme wa gati ukikatika na kurudi, kompresa isiwake kabla ya dakika tatu kupita, ili presha ya pande mbili zilingane.

Kutafuta hitilafu

Tuseme ni saa nane mchana, mwezi wa Machi. Mashine ya sebule inawaka, inapoza dakika kumi, inazima, na kwenye skrini kuna alama ya presha ya juu, ambayo mashine nyingi huiandika HPF. Geji ziache ndani ya begi.

*Kwanza, toka nje ukayatazame maji.* Yakitoka kwa wingi na bila kukatika, nenda hatua ya joto. Yakitoka kama mkojo wa mtoto mchanga, au yakitapika hewa na povu, umeshapata upande wa tatizo.

*Fungua chujio.* Zima umeme, funga koki, fungua kifuniko. Baada ya mvua za masika, mito inaposhusha udongo kwenye hori za Tudor na Port Reitz, utakuta tope laini limepaka wavu kama uji. Wakati mwingine ni majani ya mwani, kipande cha nailoni, au konyeza aliyegeuka utelezi unaoziba kila tundu bila kuonekana. Osha, paka mpira wa kifuniko grisi ya silikoni, funga. Kifuniko kisichokaza kinavuta hewa, na dalili yake ni mapovu madogo yasiyoisha kwenye maji yanayotoka.

*Chujio likiwa safi na maji bado ni machache*, legeza mpira kwenye mdomo wa kuingilia chujio na ufungue koki polepole, mkono ukiwa palepale. Maji yanatakiwa kuruka kwa nguvu. Yakitiririka tu, tundu la chini limeziba. Mpigie mzamiaji. Kikombe cha nje kikivaa magamba, mzamiaji akikwangue pamoja na koo la tundu, maana magamba hupanda hadi kwenye koki. Boti zinazolala kwenye hori zenye kina kifupi zina tatizo la ziada: wakati wa bamvua maji yakipwa sana, tundu linakaribia tope la chini na kulinyonya.

*Maji yakifika kwenye chujio lakini pampu haisukumi*, huenda kuna hewa. Hutokea baada ya boti kushuka chelezoni, au kusi ikiichezesha kwa nguvu. Zima umeme, legeza klipu iliyo kwenye mdomo wa kutolea wa pampu, acha maji yatoke hadi mapovu yaishe, kisha kaza. Hewa ikirudi kila wiki, tafuta mgongo wa ngamia kwenye mpira na uuondoe. Kutoa hewa kila Jumatatu si matengenezo.

*Pima joto la maji.* Chukua kipimajoto cha jikoni. Pima maji ya bahari, kisha yanayotoka. Tofauti ya nyuzi 5 au 6 ni nzuri. Ikizidi 8, maji ni machache kuliko joto yanayobebeshwa: rudi nyuma. Ikiwa nyuzi 2 tu huku maji ni mengi na presha iko juu, kondensa imevaa ukoko ndani na joto halipiti. Ikiwa nyuzi 2 na presha haiko juu, kompresa haifanyi kazi yake, na hapo ndipo umeme na gesi vinapata zamu.

*Upande wa hewa.* Pima hewa inayoingia kwenye mashine na inayotoka mdomoni. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 ni ya kawaida. Hewa ikitoka kidogo lakini baridi sana, toa filta uiangalie kwenye mwanga, kisha tazama ivaporeta. Ikiwa imefunikwa barafu nyeupe, zima ubaridi, acha feni kwa nguvu zote kwa saa moja. Mashine inayoweza pia kupasha joto itaiyeyusha kwa dakika chache ukiigeuza. Barafu hutokana na filta chafu, tundu la kurudishia lililobanwa, feni iliyowekwa pole usiku kucha, au mlango ulioachwa wazi ukaleta unyevu usiokwisha. Gesi pungufu nayo huleta barafu, ila kwa kawaida huanzia sehemu moja ya koili na kuacha nyingine kavu.

*Umeme.* Kompresa ikinguruma sekunde chache na kukata, pima kapasita, kifaa kinachoisaidia kuanza kuzunguka. Itoe chaji kwanza kwa rezista, kwani hubaki na umeme hata boti ikiwa imezimwa. Ikisoma chini ya asilimia 90 ya mikrofaradi zilizoandikwa, ibadilishe. Kapasita huchoka upesi kwenye kabati lenye joto na umeme unaopanda na kushuka. Pampu isipowaka, kumbuka kwamba mashine zote huiwasha kupitia kisanduku kimoja cha rilei (swichi za umeme): kama hakuna hata mashine moja inayopata maji, anzia kwenye kisanduku hicho.

*Gesi, sasa.* Ukifika hapa ukiwa umepita kote, tafuta mafuta. Gesi inapovuja hubeba mafuta ya kompresa, hivyo kiungo chenye unyevunyevu wa mafuta na vumbi ni mtuhumiwa. Kwa gesi ya R410A, bahari ikiwa nyuzi 29, utasoma karibu psi (kipimo cha presha) 115 hadi 130 upande wa chini na 330 hadi 400 upande wa juu. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Ya juu ikipanda peke yake, ni maji au ukoko, na ukiongeza gesi hapo unaiua kompresa.

Gesi pungufu haiongezwi juu ya iliyobaki. Ivute kwa mashine ya kukusanyia, usiiachie hewani: R410A ni miongoni mwa gesi ambazo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanazipunguza duniani kwa kuwa hupasha joto angahewa. Jaza naitrojeni bila kuvuka presha ya kwenye kibandiko, paka povu la sabuni, ziba tundu. Badilisha kikaushio kama mashine inacho, vuta vakyumu, yaani toa hewa yote mabombani, hadi mikroni 500 na uone kama inakaa. Kisha pima gesi mpya kwenye mizani, gramu zilezile za kwenye kibandiko, ukiiingiza ikiwa kimiminika. Mashine ndogo inaweza kuwa na gramu mia chache tu, kwa hiyo kujaza kwa kukisia ni kuharibu.

Kutoa ukoko kwenye kondensa

Ukoko ni chokaa na maganda ya viumbe. Njia tunayoipendekeza ni ndimu ya unga, ileile inayotiwa kwenye achari, ambayo ni asidi ya sitriki.

1. Zima breka ya mashine na ya pampu, funga koki.
2. Tenganisha mipira miwili ya kondensa. Unganisha mipira mingine miwili hadi kwenye ndoo ya lita 20, na pampu ndogo ya plastiki ndani yake.
3. Yeyusha kilo 1 ya ndimu ya unga kwenye lita 20 za maji safi ya uvuguvugu. Vaa miwani na glavu.
4. Zungusha kwa kuingilia upande wa kutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Mpira wa kurudi uachwe wazi juu ya ndoo, usifungwe, maana hewa inayotengenezwa lazima itoke.
5. Mapovu yataonekana. Yakipungua baada ya dakika 30 au 40, chota kikombe kimoja cha maji hayo na utie kijiko cha soda ya kuokea. Yakichemka povu, asidi bado iko hai na kondensa ndiyo iliyokwisha kusafika. Yakinyamaza, asidi imekwisha na ukoko huenda bado upo: changanya nyingine.
6. Suuza kwa maji safi dakika 15. Yaliyo kwenye ndoo yatulize kwa soda ya kuokea kabla ya kuyamwaga, tena yamwagwe nchi kavu, si horini.

Asidi ya chooni hufanya kazi upesi na ndiyo maana inapendwa, lakini ukiisahau nusu saa inakula viungo vya kondensa, na mvuke wake unatia kutu kila chuma kilicho kabatini. Ya betri usiisogeze kabisa. Na usiingize waya wa kukwangulia: kondensa ya kupronikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli) ina utando unaoilinda na chumvi, waya unauchana.

Boti ikiachwa peke yake

Chujio lifunguliwe kila wiki boti ikitumika. Koki ifungwe na kufunguliwa mara moja kwa mwezi ili isikwame. Upande wa joto, hata kama hakuna anayeuhitaji Mombasa, uwashwe dakika tano kila mwezi ili valvu ya kugeuzia isigande. Filta ya hewa ioshwe kila wiki mbili, na mara nyingi zaidi wageni wakiwa wengi.

Mwenye boti akisafiri kwa zaidi ya wiki mbili na kiyoyozi kikazimwa, maji ya chumvi yaliyomo kwenye mipira hubaki na viumbe vyake, vinakufa kwa kukosa hewa, na siku pampu ikiwashwa inatoka harufu ya yai viza. Kabla hajaondoka, funga koki, ingiza mpira wa maji safi kwenye chujio, endesha pampu dakika tano, kisha zima vyote na kuacha maji safi ndani ya mipira. Kama umeme wa gati unaaminika na kuna mtu wa kupita kila siku, ni bora zaidi mashine moja iachwe kwenye mpango wa kukausha hewa, ikiwaka saa moja kila baada ya saa nne, milango yote ya ndani ya vyumba na makabati ikiwa wazi. Mtu huyo apewe kazi moja tu ya kukumbuka: asimame gatini, aangalie kama maji yanatoka.